Si Malaria, Ni Kipandauso

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Nilikuwa nimeahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu kuhamisha hifadhidata bila kuzima mfumo, na wachache kati yenu mmeniandikia kuuliza imepotelea wapi. Inakuja. Lakini kabla yake kuna jambo limenikaa rohoni, na ingawa halihusu kompyuta moja kwa moja, lilinikuta mbele ya kompyuta.

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwezi wa tano. Tulikuwa tunapeleka mabadiliko kwenye mfumo wa malipo wa mteja mmoja, na zamu ilikuwa yangu. Yapata saa mbili kasorobo usiku nikaona herufi zinakosekana kwenye skrini. Hazikuwa na ukungu. Hazikuwepo tu. Nikitazama jina la safu fulani ya jedwali, naona nusu ya kulia, na kushoto pametulia kama vile hapakuwahi kuandikwa kitu. Dakika chache baadaye, ukingoni mwa ile sehemu tupu, kukajichora mstari wenye meno kama ya msumeno, unang'aa na kutetemeka mithili ya taa ya mrija inayokaribia kuungua.

Nilijua ni nini. Nilijua pia kwamba nina kama nusu saa kabla maumivu hayajaingia. Basi mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angemwambia mwenzake, "Ndugu, sioni vizuri, shika wewe." Mimi nilikimbiza kazi. Nikapitia mabadiliko yale nikisoma nusu ya skrini, nikayaidhinisha, nikayapeleka, nikafunga kompyuta, nikaingia kwenye gari la abiria nimejifunika macho kwa sweta. Mstari ambao sikuuona ndio uliokuwa unazuia ombi la malipo lisirudiwe mtandao ukichelewa kujibu. Kufikia asubuhi wateja 61 walikuwa wamekatwa pesa mara mbili.

Pesa zilirudishwa. Kikaitwa kikao cha kuchunguza kosa, vile vikao ambavyo kila mtu anasema havitafuti wa kulaumiwa, nikaulizwa ilikuwaje. Nikasema nilikuwa naanza kuugua malaria.

Hiyo ilikuwa malaria yangu ya nne mwaka huo. Jamaa mmoja tunayeketi naye akanitazama, akauliza, "Kwani bosi, wewe huenda Kisumu kila wikendi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nairobi ni mji wa juu, mbu wa malaria si wa huku, na mtu anayeugua malaria mara nne kwa mwaka bila kutoka mjini anafaa kuandikiwa makala ya kisayansi.

Maoni yangu leo ni kuhusu uwongo huo. Nimefikia kuamini kwamba kilichoniharibia maisha kwa miaka karibu sita hakikuwa maumivu peke yake. Ilikuwa namna nilivyoyabeba: kukaza, kuficha na kumeza vidonge. Na namna hiyo ndiyo tunayoisifu kazini.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kiswahili kina neno lake, kipandauso, na ni neno zuri kwa sababu linasema kinachotokea: kitu kinapanda usoni. Lakini nyumbani kwetu Likoni hatukulitumia. Tulisema "kichwa cha mama". Mama alikuwa akikaanga mahamri ya kuuza, anaamka saa tisa usiku kuwasha moto, na kuna siku karai ilikaa baridi. Siku hizo alijifunga leso kichwani kwa nguvu mpaka paji la uso linapauka, akafunga dirisha, nasi tukafukuzwa nje. Hakuna aliyeuita ugonjwa. Ilikuwa kama mvua, inakuja, inaondoka.

Nimerithi kichwa hicho, na si ajabu, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Watafiti wanaopima mzigo wa magonjwa duniani walikadiria kwamba mwaka 2016 watu zaidi ya bilioni 1 walikuwa nao, na wakauweka katika nafasi ya pili miongoni mwa maradhi yanayowafanya watu waishi miaka yao bila kujiweza. Wanawake wanaupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Shambulio lisilotibiwa huchukua saa 4 hadi 72. Maumivu mara nyingi hukaa upande mmoja na kugonga kama mapigo ya moyo, ukipanda ngazi yanazidi, mwanga unachoma, sauti inachoma, na tumbo linageuka. Kwa baadhi yetu hutanguliwa na ile michoro ya macho niliyoieleza. (Aside ya lazima, samahani: kichwa kikikupiga ghafla kuliko ulivyowahi kusikia, au kikija na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea, usikae kusoma blogu ya mtu wa kompyuta. Nenda hospitali.)

Sasa tuje kwenye neno ambalo kila mwenye kipandauso amelisikia: stresi. "Ni stresi tu." Nimeambiwa na bosi, na mhudumu wa duka la dawa, na mjomba wangu, na dereva wa teksi. Neno hilo lina historia. Mwaka 1937 daktari wa New York, Harold Wolff, mtafiti mkubwa wa maumivu ya kichwa katika zama zake, aliandika kwamba wagonjwa wa kipandauso wana tabia ya namna moja: watu wa kutaka makuu, wakamilifu kupita kiasi, wagumu, wasiojua kupumzika. Kwa hiyo ukaonekana ni ugonjwa wa hulka, na mgonjwa akawa amejitakia. Dhana hiyo imeshaachwa. Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na mishipa yake ya fahamu. Mwaka 2021 wanasayansi wanne, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa tuzo ya Brain Prize kwa kuonyesha njia zake za kikemia, kazi iliyozaa dawa mpya zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2018. Dawa hizo si za mfuko wangu, lakini zinathibitisha jambo moja: huwezi kutengeneza kingamwili ya kuzuia uvivu.

Hata hivyo sitaki kuruka upande wa pili na kusema hisia hazihusiki kabisa. Zinahusika, ila si kwa njia ile ya mjomba.

Kuna hatua ya mwanzo ya shambulio ambayo wengi hawaijui. Saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima au mbili kabla ya maumivu, ubongo unakuwa umeshaanza safari. Mtu anapiga miayo, anatamani vitu vitamu, shingo inakaza, anakasirika ovyo au anajaa huzuni isiyo na sababu. Kisha kichwa kinaanza, na kila mtu anasema, "Unaona? Ulikasirika sana asubuhi." Ninyi mnaosoma kumbukumbu za seva mnajua kosa hili. Tukio A limeandikwa saa nne, tukio B saa tano, basi mtu mgeni anasema A ndiyo iliyoleta B. Kumbe zote mbili zimetoka kwa C iliyotokea saa mbili, ambayo hakuna aliyeiwekea kumbukumbu. Hasira ya asubuhi mara nyingi ni shambulio lenyewe limeshaingia mlangoni.

Kuna jingine linalopindua hesabu ya stresi. Mwaka 2014 Richard Lipton na wenzake wa New York walichapisha utafiti mdogo, wagonjwa 17 tu, walioandika shajara kila siku kuhusu msongo wao na vichwa vyao. Walichokiona ni kwamba hatari kubwa ilikuwa msongo unapopungua. Katika saa 6 za kwanza baada ya mtu kupumua, uwezekano wa shambulio kuanza ulipanda karibu mara tano. Utafiti ni mdogo, lakini nilipousoma nilipiga meza. Jumamosi zangu zote! Nakaza Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi nalala mpaka saa tano, naamka na kichwa kama ngoma. Nilikuwa nikijilaumu kwamba mwili wangu unanikomoa siku ya mapumziko.

Halafu kuna mfadhaiko na wasiwasi. Naomi Breslau aliwafuatilia watu wa eneo la Detroit katika miaka ya 1990, akaonyesha kwamba barabara ina njia mbili: mwenye kipandauso yuko katika hatari zaidi ya kupata mfadhaiko mkubwa, na mwenye mfadhaiko yuko katika hatari zaidi ya kuanza kupata kipandauso. Kimoja hakimzai kingine kwa urahisi wa mama na mtoto. Wanafanana na majirani wanaopitisha moshi ukutani. Kwa hiyo anayesema "ni stresi tu" amekosea kwenye lile neno "tu".

Nirudi kwenye kukaza, maana hapo ndipo nilipoumia.

Kukaza kwangu kulikuwa na vifaa. Kifaa cha kwanza kilikuwa malaria, na malaria ikichoka, tumbo. Kifaa cha pili kilikuwa vidonge. Mwanzoni nilimeza kichwa kikiuma. Baadaye nikaanza kumeza kabla ya mikutano mirefu ili kisije kuuma, kisha kabla ya kupeleka mabadiliko, kisha kila Ijumaa usiku kwa ajili ya Jumamosi. Vidonge vya dukani, vile vya mchanganyiko wenye kafeini, havihitaji karatasi ya daktari na vinauzwa hata kwenye kioski cha maziwa. Sikuona ubaya. Nilijiona mtu aliyejipanga.

Nilipofika hatimaye kwa daktari wa mishipa ya fahamu (wachache hapa nchini, na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo mimi nina bahati), alikuwa mama wa makamo asiyekuwa na haraka. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza vichwa vyangu vikubwa. Yeye akauliza, "Kijana, katika mwezi, ni siku ngapi kichwa hakikuumi hata kidogo?"

Nilishindwa kujibu. Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

Akaniambia nihesabu vidonge badala ya vichwa. Mwezi uliopita nilikuwa nimemeza siku 19. Akaeleza kwamba anayetumia dawa za kawaida za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kutengeneza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza: kichwa kinachouma kwa sababu ya dawa ya kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko kama vyangu mpaka uko chini zaidi, siku 10. Sikuwa na habari. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nasoma maelezo ya maktaba za programu mpaka tanbihi, na sikuwahi kusoma karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya kidonge nilichomeza kwa miaka.

Kuacha kulikuwa wiki mbili mbaya. Sitazisimulia. Akanianzishia propranolol, dawa ya zamani, ya bei nafuu, iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kuzuia kipandauso. Alihakikisha kwanza kwamba sina pumu, kwa sababu mwenye pumu hapewi. Imenisaidia. Lakini sikuja hapa kusifu kidonge.

Alinipa pia karatasi yenye maswali matano, kipimo kiitwacho MIDAS. Kinauliza kuhusu miezi mitatu iliyopita: siku ngapi hukwenda kazini, siku ngapi ulikwenda lakini ukafanya chini ya nusu ya kazi, siku ngapi hukuweza shughuli za nyumbani, siku ngapi ulizifanya nusunusu, na siku ngapi uliikosa familia au marafiki. Unajumlisha. Alama 21 na kuendelea ni kiwango cha juu kabisa. Mimi nilipata 34. Nikashangaa kwamba idadi kubwa haikutoka kwenye siku nilizokosa kazi. Hizo zilikuwa 4 tu, malaria na tumbo. Zilitoka kwenye siku nilizoketi ofisini nikijifanya mzima, na siku ambazo watu wa nyumbani walipewa makombo yangu.

Na hata karatasi hiyo, ingawa ni nzuri, ina pengo. Haihesabu siku ambazo kichwa hakikuuma lakini uliishi kama kinakuja. Dada yangu aliolewa Desemba mwaka juzi. Sikuumwa siku ile. Lakini niliketi karibu na mlango, mbali na spika, nikakataa kucheza, nikala kidogo, nikaondoka mapema, na muda wote nilikuwa nikisikiliza ndani ya fuvu langu kama mlinzi wa usiku. Nikiangalia picha za harusi nina uso wa mtu aliyekuja kudai deni. Siku ile kwenye kipimo ni sifuri.

Hapo ndipo utafiti mmoja wa mwaka 2021 uliponigusa. Ulifanywa na Rebecca Wells na wenzake huko North Carolina, Marekani, kwa watu wazima 89 wenye kipandauso. Nusu walifundishwa kwa wiki nane mazoezi ya kutulia na kutazama pumzi, mwili na mawazo bila kupigana nayo. Nusu ya pili walifundishwa elimu ya kawaida kuhusu maumivu ya kichwa, kwa muda uleule. Siku za kipandauso zilipungua kwa makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana, siku moja na nusu hadi mbili kwa mwezi. Mtu wa namba angefunga faili hapo: hakuna tofauti. Lakini kundi la kwanza liliripoti kwamba linajiweza zaidi, lina mfadhaiko mdogo zaidi, haliyakuzi maumivu mawazoni kama zamani, na ubora wa maisha umepanda, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi.

Siku za maumivu karibu sawa, maisha tofauti. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa, na linajibu makundi mawili kwa wakati mmoja. Wale wa "ni stresi tu" wangetaka mazoezi ya utulivu yafute ugonjwa, hayakuufuta. Na wale wa "ni ubongo tu, nipe dawa" wangetaka kusema namna unavyolibeba jambo haina uzito, ina uzito.

Mimi mwenyewe si mtu wa kukaa chini kufumba macho na kuhesabu pumzi. Nilijaribu wiki moja nikawa nalala. Kilichonibadilisha ni kitu cha kijinga zaidi: niliacha kusema uwongo. Nilikwenda kwa kiongozi wa timu yetu nikamwambia, "Ile haikuwa malaria. Sikuwa naona nusu ya skrini." Nilitegemea mambo mawili, kufukuzwa au kukumbatiwa. Yeye akasema, "Ah, si ni stresi tu? Kila mtu hapa ana stresi," akarudi kwenye simu yake. Mnaona sasa.

Lakini siku mbili baadaye akaniita, safari hii akiwa amefungua ile ripoti ya kosa, akauliza swali la kifundi: hilo la macho hutokea mara ngapi, na huwa na dakika ngapi kabla halijawa baya? Hapo tukaelewana, maana tulikuwa tukizungumza lugha ya kazi. Mtambo wenye kasoro inayojulikana hauufichi; unauwekea wa kuupokea. Tukakubaliana kwamba nikiandika neno moja tu kwenye kundi letu, "kipanda", mtu wa zamu ya pili anachukua bila kuuliza, na nikirudi nalipa zamu. Nimeliandika mara tatu tangu wakati huo. Ile taa ya mrija juu ya meza yangu ilizimwa na hakuna aliyekufa. Jumamosi naamka saa ileile ya Jumatatu, hata kama baadaye narudi kujilaza.

Kuna kitu sikukitegemea. Baada ya habari kuenea, mhasibu wetu, dada mtulivu ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya mambo ya risiti, alinisimamisha jikoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ana miaka kumi na mmoja nacho. Kumi na mmoja! Kila mwezi, siku zake zikikaribia. Husema ni meno.

Malaria, tumbo, meno. Nikiwaza ni ofisi ngapi za mji huu zina watu wenye meno mabovu ya uwongo, sijui nicheke au nilie.

Najua pingamizi litakalokuja hapo chini. Mtu atasema: mkiruhusu watu waseme kichwa, kila mvivu atakuwa na kipandauso Jumatatu. Labda mmoja atakuwepo. Lakini hebu tazameni utaratibu wa sasa umezaa nini. Umezaa mtu mwaminifu kiasi, mimi, aliyedanganya mara nne kwa mwaka na kupeleka mabadiliko ya malipo akiwa nusu kipofu. Uwongo tayari upo. Tofauti ni kwamba sasa hivi unamlinda yule anayekaza.

Na mfano wa shujaa tunao. Wapenzi wa michezo ya Marekani humsimulia Terrell Davis, mchezaji wa Denver Broncos, aliyepata kipandauso katikati ya fainali ya Super Bowl huko San Diego, Januari 1998. Macho yakamtoka, akakaa nje sehemu kubwa ya robo ya pili, kisha akarudi, akamaliza na yadi 157 na kuvusha mpira mara tatu, akatangazwa mchezaji bora. Hadithi hiyo inasimuliwa kama somo la kukaza. Isomeni tena. Alisema. Walijua ana ugonjwa huo, dawa ilikuwepo pale pembeni, mtu mwingine akashika nafasi yake, naye akapumzika mpaka ikafanya kazi. Huo ni mpango. Mimi usiku ule wa Alhamisi sikuwa Terrell Davis. Nilikuwa mtu asiyeona aliyekataa kutoka uwanjani.

Tukija kwenye sheria, hali si nzuri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyekaa miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili, mradi alete cheti cha daktari. Hicho ndicho kiwango cha chini, na waajiri wengine hutoa zaidi, lakini pigeni hesabu. Mwenye mashambulio mawili kwa mwezi, kila moja likimlaza siku moja, amemaliza siku zake za mshahara kamili kabla ya Aprili kwisha. Na hicho cheti: anayehitaji chumba chenye giza na kimya anatakiwa apande matatu yenye muziki, aketi kwenye foleni chini ya taa nyeupe, ili athibitishe kwamba anahitaji chumba chenye giza na kimya. Ugonjwa wa kurudiarudia haukufikiriwa kabisa pale. Napendekeza kitu kidogo: cheti kimoja cha daktari kitambuliwe kwa mwaka mzima kwa ugonjwa wa namna hii, na siku zihesabiwe kwa nusu siku. Mhandisi yeyote angeandika hivyo tangu mwanzo.

Na hapo nazungumzia watu wenye mkataba. Mimi nafanya kazi ya kuketi, naweza kuandika "kipanda" kwenye simu na kwenda kulala. Fundi wa mjengo juani hana wa kumwandikia. Mama hakuwa naye.

Nilimpigia wiki iliyopita. Baada ya shikamoo na habari za majirani nikamuuliza kitu ambacho, nina aibu kusema, sikuwahi kumuuliza maishani: vile vichwa alivivumilia vipi?

"Nilikuwa najifunga leso, mwanangu. Ungetaka nifanye nini?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza kidogo, kisha akasema kichwa chenyewe hakikuwa shida sana, maana kikija umelala, huna la kuamua. Shida ilikuwa usiku ule mwingine, anapokanda unga akiwa mzima kabisa, na anajiuliza atie kilo mbili au kilo sita. Akitia sita na kikaja, unga umeharibika. Akitia mbili na kisije, ametupa siku nzuri. "Miaka yote hiyo nilikuwa natia tatu," akasema.

Vichwa vyake vimepungua kadiri umri ulivyosonga, kama inavyotokea kwa wanawake wengi baada ya hedhi kukoma. Nilimuuliza kama alimwambia marehemu baba kuhusu zile kilo tatu. Akacheka, akasema baba alikuwa anadhani mahamri yake hayanunuliki.

Haya. Makala ya hifadhidata, sehemu ya pili, naiweka hapa Jumatano. Nimeiandika nusu. Jumamosi iliyopita nilipoteza siku nzima, kwa hiyo msinihesabie.